Dokta Matthew Lukwiya, muganga aliyebaki na wagonjwa wake

Watu wa Hombo wanajua hesabu ya njia. Hombo iko pale barabara ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu kuelekea Walikale, inapovuka mto: upande mmoja Kivu ya Kusini, upande wa pili Kivu ya Kaskazini. Mama akishikwa na uchungu usiku na mtoto anakataa kutoka, familia inaanza kuhesabu. Ni saa ngapi za kutembea mpaka hospitali? Nani atabeba kipoyi? Mwenye bunduki njiani ni nani leo? Na wakifika, makuta ya kulipa itatoka wapi? Maswali hayo manne yanaulizwa vile vile Masisi, Walikale, Kalehe, Beni na Irumu.

Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Uganda, kulikuwa muganga mmoja aliyetumia maisha yake yote ya kazi akihangaika na maswali kama hayo. Watu wa Gulu walimuita tu Dokta Matthew. Alikufa tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2000, akiwa na miaka 43, ju ya Ebola. Kifo chake kinajulikana sana. Kazi aliyoifanya miaka 17 kabla ya Ebola kufika haijulikani sana, lakini njo hiyo inaeleza kwa nini alikufa vile.

Mtoto wa Kitgum

Matthew Lukwiya alizaliwa tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka 1957, Kitgum, inchi ya Waacholi, karibu na mpaka wa Sudan. Baba yake aliuza samaki. Alikufa maji wakati Matthew alikuwa na miaka 12, na mama akabaki peke yake na watoto wanne, wote wavulana. Mama huyo alikuwa na biashara ndogo ndogo. Alipakia chai kwenye kinga, akaivusha mpaka Sudan kwa njia za panya, na kurudi na sabuni. Alijaribu kumfundisha kijana wake kazi hiyo, maana katika nyumba isiyo na baba, kila mkono unahitajika.

Lakini kijana alikuwa na kichwa cha shule. Kila mtihani alikuwa mbele, na kila akimaliza darasa, msaada wa masomo ulipatikana wa kumsukuma mpaka lingine. Kwa njia hiyo mtoto wa mjane alifika chuo kikuu na kutoka huko na kazi ya uganga. Mtu aliyekulia katika nyumba ambamo sabuni ilikuwa faida ya safari nzima ya kinga hahitaji kuelezwa ginsi bei ya dawa inavyofunga mlango wa hospitali.

Hospitali ya Lacor

Mwaka 1983 alifika kufanya mafunzo ya kazi katika hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, kilomita chache tu nje ya muji wa Gulu. Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionari Wakomboni mwaka 1959. Tangu 1961 iliongozwa na bwana na bibi: Dokta Piero Corti, Muitalia, na Dokta Lucille Teasdale, Mukanada, mpasuaji. Wawili hao walikuwa na sheria moja rahisi: kutunza watu wengi iwezekanavyo, vizuri iwezekanavyo, kwa bei ya chini iwezekanavyo.

Sheria hiyo ni rahisi kusema, ngumu kuitekeleza. Hospitali ikipandisha bei, maskini wanabaki nyumbani na wanakufa kimya kimya. Ikishusha bei sana, dawa zinaisha na wauguzi wanaondoka. Lacor ilichagua kuweka bei ndogo na kutafuta tofauti kwa wafadhili, huku ikifundisha wauguzi wake yenyewe ili isitegemee wageni siku zote. Baadaye ilifungua vituo vitatu vya afya mbali na hospitali, Amuru, Opit na Pabbo, ili mgonjwa asilazimike kutembea njia yote.

Dokta Matthew alikuwa bado mwanafunzi wa kazi wakati bwana na bibi Corti waliona tayari kwamba wamepata mtu wa kuwarithi. Miezi mitatu tu ilitosha. Kwa wazungu wawili waliokuwa wamejenga hospitali kwa mikono yao zaidi ya miaka 20, kuamua kuiacha mikononi mwa kijana wa inchi haikuwa jambo dogo.

Vita mlangoni

Mwaka 1986 utawala ulibadilika Kampala na vita ikaanza kaskazini. Vikundi vya waasi vilifuatana, na mwishowe kikabaki kile cha Joseph Kony, kile kile ambacho miaka ya baadaye kiliingia Garamba na kuwaua na kuwateka watu wa Haut-Uele na Bas-Uele. Watu wa mashariki ya Kongo wanakijua vizuri.

Lacor iko nje ya muji, kwa hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye silaha. Waasi waliingia mara nyingi kutafuta dawa na pesa. Askari wa serikali nao waliishuku, ju wagonjwa wa pande zote walilala humo. Msimamo wa hospitali ulikuwa mmoja: mwenye jeraha ni mgonjwa. Hakuna aliyeulizwa ametoka upande gani kabla ya kufungwa bendeji.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1989, waasi walikuja na lengo la kuchukua masista wa Kiitalia. Dokta Matthew aliwasimamia mbele na kuomba wamchukue yeye pahali pao. Walikubali. Akatembea nao porini juma moja, akiwa bado amevaa nguo yake ya muganga, mpaka wakamuachilia.

Mtu mwingine angerudi akafunga milango na kuongeza kufuli. Yeye alifanya kinyume. Alifungua ua wa hospitali kwa raia wote waliokimbia usiku. Mama na watoto walikuwa wakifika jioni na mikeka, wanalala kwenye baraza, chini ya miti, pembeni ya kuta, na asubuhi wanarudi mashambani. Usiku mmoja waliweza kufika watu 9 000. Wahami wa Kivu wanaolala kanisani au shuleni wanajua maana ya ukuta mmoja tu kati ya mtoto na wenye bunduki.

Haikuwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa salama. Aliishi ndani ya hospitali na mke wake na watoto wao watano. Usiku mmoja bomu lilipasua dari ya nyumba yao wakiwa wamelala. Kwa bahati halikulipuka.

Safari ya Liverpool na kurudi

Mwaka 1990 alikwenda Uingereza, katika shule ya magonjwa ya inchi za joto ya Liverpool, kusomea utunzaji wa watoto. Alipata alama zilizo kati ya za juu kabisa, na shule ikampa nafasi ya kubaki kufundisha. Kule kulikuwa mshahara mzuri, usiku bila risasi, shule nzuri kwa watoto. Alikataa, akarudi Gulu.

Waganga wengi wa Afrika walichagua njia ile ingine, na haifai kuwahukumu. Lakini kwa Lacor, kurudi kwake kulibadilisha mambo. Alipokuwa mkuu wa waganga, hospitali ilikua mpaka vitanda zaidi ya 400. Wagonjwa waliolazwa waliongezeka mara tatu mpaka 18 000 kwa mwaka, na wengine kama 500 walikuja kila siku kutibiwa na kurudi nyumbani. Walikuwa majeruhi wa vita, watoto wa utapiamlo, watu wa Ukimwi na wamama wa kuzaa. Yote hayo yalifanyika katika eneo ambalo waganga wa serikali walikuwa wakikimbia.

Tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 1996, Lucille Teasdale alikufa kwa Ukimwi, ugonjwa alioupata akipasua majeruhi. Alizikwa ndani ya ua wa hospitali. Wafanyakazi wa Lacor, kwa hiyo, walijua mapema kwamba kazi hiyo inaweza kumuua anayeifanya.

Simu ya asubuhi

Mwaka 2000 Dokta Matthew alikuwa Kampala, chuo kikuu cha Makerere, akisomea afya ya jamii. Familia ilikuwa naye, mbali na vita. Asubuhi ya tarehe 7 mwezi wa kumi, alipigiwa simu kutoka Lacor. Kulikuwa ugonjwa usioeleweka, watu wanakufa haraka, na kati ya waliokufa kulikuwa wanafunzi wa shule ya uuguzi ya hospitali. Jioni hiyo hiyo alikuwa amefika.

Usiku hakulala. Pamoja na sista Maria Di Santo, mkuu wa wauguzi, alichukua karatasi za wagonjwa na kuzilinganisha moja baada ya ingine. Alipata wagonjwa 17 wenye alama zinazofanana: homa, kutapika, kuhara, na wengine kutoka damu. Kisha akafungua vitabu na ripoti kuhusu magonjwa ya kutoka damu, zikiwemo zile zilizoandikwa baada ya Kikwit, hapa hapa Kongo, ambako mwaka 1995 Ebola iligusa watu 315 na kuua karibu wanane kwa kila kumi.

Uganda ilikuwa haijawahi kuona Ebola. Kumsema bure kungemharibia jina, na kuiandikia serikali kwa njia ya kawaida kungechukua siku nyingi. Dokta Matthew aliruka ngazi zote na kumpigia moja kwa moja Dokta Sam Okware kwenye Wizara ya afya. Damu ilichukuliwa na kupelekwa maabara ya Afrika Kusini. Majibu yalithibitisha Ebola, aina ile ya Sudan.

Kumbe yeye hakungoja majibu. Alikuwa tayari ametenga wodi moja, ameomba wauguzi wa kujitolea, amepanga nani anaingia na nani anatoka, na kufundisha ginsi ya kuvaa na kuvua nguo za kujikinga. Wageni wa Shirika la Afya Duniani walipofika, walikuta kazi imekwisha anza, na watu wa kuifanya ni wauguzi wa Gulu wenyewe.

Siku zile chache zilikuwa na maana kubwa. Ebola haipiti hewani sawa na mafua. Inapita kwenye damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Kila siku mgonjwa anayolala kati ya wengine bila kujulikana, mnyororo unaongezeka pete.

Desturi ya Waacholi

Jambo lingine lilisaidia, na halikutoka hospitali. Waacholi wanajua tangu zamani ugonjwa unaopita sawa na upepo na kuchukua watu wengi, wanauita gemo. Wazee wakishatangaza gemo, sheria zinabadilika kijijini. Mgonjwa anawekwa katika nyumba ya pembeni, mbali na zingine. Nyasi ndefu mbili zinasimamishwa kwenye mlango ili kila mtu ajue. Anayemlisha ni yule aliyekwisha ugua na kupona. Ngoma zinasimama, safari zinapungua, na aliyepona anakaa mwezi mzima kabla ya kutembea kati ya watu. Hata maziko yanabadilika: kwa kawaida shangazi, dada ya baba, ndiye anaosha maiti, lakini wakati wa gemo maiti inazikwa pembeni ya kijiji na mtu aliyepona.

Ukiangalia sheria hizo, karibu zote zinafanana na zile za waganga. Pale timu za afya zilipowasikiliza wazee, kazi ilikuwa nyepesi. Pale zilipochukua wagonjwa na maiti bila maelezo, watu walikimbia na kuficha wagonjwa wao. Watu wa Beni, Butembo na Mangina waliona hayo yote miaka 18 baadaye.

Siku wauguzi waligoma

Kufikia mwisho wa mwezi wa kumi na moja, ugonjwa ulianza kupungua nje, lakini ndani ya Lacor kulikuwa kifo. Wauguzi waliojitolea walianza kuambukizwa. Katika saa 24 tu, watu saba walikufa katika hospitali, watatu wao wafanyakazi. Asubuhi, watu wa zamu hawakuingia kazini. Walijikusanya kama 400 katika ukumbi wa shule ya uuguzi, wakitaka hospitali ifungwe.

Walikuwa na haki ya kuogopa. Walikuwa vijana, wenye watoto, wenye wazazi wanaowategemea. Walikuwa wamewazika wenzao kwa mikono yao, na nyumbani majirani walikuwa wakiwakimbia.

Dokta Matthew aliingia ukumbini akazungumza nao kwa saa nyingi. Hakuwatisha na hakuwaahidi pesa. Aliwakumbusha siku waasi walipomchukua. Aliwaambia kwamba anayetaka kwenda yuko huru, ila hospitali ikifungwa, yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Aliwaonyesha pia kwamba wakiondoka wote, wagonjwa waliomo watakufa bila mtu wa kuwapa hata maji. Inasimuliwa kwamba kikao kiliisha kwa wimbo. Wauguzi walirudi kwenye wodi.

Miwani iliyosahaulika

Usiku mmoja katika mwezi huo huo, walimuamsha haraka. Muuguzi mmoja wa kiume, aliyeambukizwa kazini, alikuwa akikohoa damu na kuhangaika, ameng'oa mpira wa hewa na kutoka kitandani. Dokta Matthew alivaa glavu, nguo ya kujikinga, kofia, barakoa na mabuti. Kwa haraka ile, hakuvaa kitu cha kukinga macho. Alimuinua mgonjwa, akamsafisha na kumrudisha kitandani. Mgonjwa alikufa muda mfupi baadaye.

Yeye njo aliyefundisha wengine wote kwamba macho ni mlango. Kosa la dakika moja, la mtu aliyechoka baada ya majuma mengi bila kupumzika, lilitosha.

Siku chache baadaye alianza kusikia kama ana mafua. Kisha homa. Mwanzoni wenzake walitumaini ni malaria. Vipimo viliposema Ebola, aliingia mwenyewe katika wodi aliyoipanga na kulala kati ya wagonjwa wake. Mke wake alifika kutoka Kampala na kuruhusiwa kumuona akiwa amevaa nguo zote za kujikinga, bila kumkumbatia. Watu wa Gulu wanasimulia kwamba katika siku hizo aliomba kifo chake kiwe cha mwisho kati ya wafanyakazi.

Alikufa tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, saa saba na dakika ishirini usiku. Saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo alizikwa kwa sheria zote alizozifundisha, bila kuoshwa, bila mtu kugusa sanduku ovyo, jamaa na wauguzi wakiangalia kwa mbali. Kaburi lake lilichimbwa kando ya kaburi la Lucille Teasdale.

Kilichobaki

Mwisho wa Ebola Uganda ulitangazwa mwezi wa pili mwaka 2001. Hesabu ilikuwa watu 425 walioambukizwa na 224 waliokufa, zaidi ya kumi kati yao wakiwa wafanyakazi wa Lacor. Zaidi ya nusu walikufa, ndiyo. Lakini ilikuwa katika wilaya yenye vita, yenye kambi za wahami zilizojaa, bila chanjo na bila dawa ya ugonjwa huo. Ingechelewa kutambulika mwezi mmoja zaidi, hesabu ingekuwa ingine kabisa.

Kati ya tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini zilipita katika moto huo huo: watu 3 470 waliugua na 2 287 walikufa. Safari hii chanjo ilikuwepo. Waganga walikuwepo, pesa zilikuwepo, magari yalikuwepo. Kilichokosekana pahali pengi ni kuaminiana. Mwezi wa pili 2019, vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, wagonjwa wakiwa ndani.

Gulu pia kulikuwa hofu, uvumi na watu waliokimbia. Lakini muganga aliyewaambia watu wa Gulu wasiguse maiti za ndugu zao hakuwa mgeni aliyeshuka juzi kutoka kwenye gari jeupe. Alikuwa yule aliyewafungulia ua miaka ya risasi, aliyetibu watoto wao kwa bei waliyoweza kulipa, aliyerudi kutoka Uingereza wakati angeweza kubaki. Uaminifu huo haukuanza siku Ebola ilipofika. Ulijengwa polepole, miaka 17, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Hospitali ya Lacor inafanya kazi mpaka leo, chini ya waganga wa Uganda. Piero Corti alikufa mwaka 2003 na kuzikwa humo humo. Makaburi ya watatu hao yako ndani ya ua, ule ule ambao zamani ulijaa mikeka kila jioni.